Nusu lita ya mafuta na liva bado laini: uchambuzi wa kisa cha paipu ya breki iliyobadilishwa nyumbani

Pikipiki yenyewe ni ya cc 180, diski mbele na ngoma nyuma, inayofanya kazi mjini Tanga. Kwa miezi kadhaa liva ya breki ya mbele ilikuwa ikizidi kusogelea usukani kila inapokamatwa. Mwenyewe alianza kwa kubadili pedi, hapakuwa na nafuu. Akaongeza mafuta ya breki kwenye kikopo, nafuu ikadumu wiki moja. Alipoikagua paipu akaona nyufa mahali inapobanwa na klipu karibu na shokapu, na unyevu kwenye kola ya chuma ya chini. Akanunua paipu mpya ya nyavu za chuma, akaifunga uani kwake siku ya mapumziko, akatoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta, kwa njia wanayoijua wengi: kamata liva, fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo iliyoko kwenye kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski), funga, achia. Alirudia, kisha akavuta mafuta kwa bomba la sindano, hadi chupa ya nusu lita ikaisha. Liva ikabaki laini kama sponji, tena laini kuliko ilivyokuwa na paipu mbovu.

Alihitimisha kwamba masta silinda, pampu ndogo iliyoko kwenye liva, imekufa na akataka kununua nyingine. Masta ilikuwa nzima. Upepo ulikuwa umekaa sentimita chache tu kutoka kwenye mkono wake, na mafuta yote yale yalikuwa yakipita chini yake bila kuugusa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kosa liko wapi. Masta hii ina namba 12.7 iliyochorwa ubavuni, yaani pistoni yake ina kipenyo cha milimita 12.7, ambayo ni nusu inchi. Ikisukumwa milimita 11 inatoa kama mililita 1.4 za mafuta. Paipu ina urefu wa sentimita 95 na tundu la ndani la milimita 3.2, kwa hiyo inabeba chini kidogo ya mililita 8. Ukijumlisha kikopo, paipu na kalipa, mfumo mzima wa breki ya mbele haufiki mililita 60. Nusu lita ingetosha kuusafisha mfumo huo mara nane. Kwa liva peke yake hiyo ni mikamato zaidi ya 350. Kama wingi wa mafuta ndio unaotoa upepo, breki hii ingekuwa ngumu kama jiwe tangu robo ya kwanza ya chupa.

Na upepo unaohitajika kuharibu breki ni mdogo mno. Kiputo cha mililita 1, kikikandamizwa kwa shinikizo la bar 10, kinasinyaa hadi kubaki kama mililita 0.09. Maana yake mililita 0.91 za mafuta zimetumika kukisinyaza badala ya kusukuma pedi. Masta inatoa mililita 1.4 tu kwa mkamato mmoja. Theluthi mbili ya safari ya liva imeliwa na kiputo kinachoenea kwenye kifuniko cha kalamu. Ndiyo sababu breki ya pikipiki haivumilii upepo kama ya gari: masta ni ndogo, haina mafuta ya ziada ya kufidia.

Paipu ya zamani

Kabla ya kufika kwenye upepo, ni vizuri kuitazama paipu iliyotolewa, kwa sababu uamuzi wa kuibadili ulikuwa sahihi kabisa. Muhuri wake ulionyesha ilitengenezwa zaidi ya miaka 11 iliyopita. Paipu zinazofuata kanuni ya Marekani ya FMVSS 106 huchapwa neno DOT, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kipenyo cha tundu, kisha herufi HR au HL. HR ni paipu yenye kutanuka kwa kiasi cha kawaida, HL ni ya kutanuka kidogo. Ukiwa dukani na unachagua paipu ya mpira, tafuta HL, na usome mwaka. Paipu iliyokaa rafu miaka sita imeshazeeka hata kama haijafungwa popote. Vitabu vingi vya matengenezo vya Yamaha vinataka paipu za breki zibadilishwe kila miaka 4 na mafuta kila miaka 2. Hapa kwetu ni wachache wanaofuata, na mji wa pwani ndio unaohitaji zaidi, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa na chumvi hula kola na nipeli.

Kipimo rahisi cha paipu ya mpira: mmoja anakamata liva kwa nguvu, mwingine amezungushia vidole viwili kwenye paipu. Ukihisi inavimba, hasa ikivimba mahali pamoja kuliko pengine, imekwisha. Ipinde pia kama nusu duara ukitazama karibu na kola. Nyufa za juu juu kama za ngozi kavu ni dalili ya uzee, na zikionyesha nyuzi za ndani pikipiki isitoke nje ya geti.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyoiva sana. Yalipimwa kwanza kwa jambo moja ambalo tunashauri lifanywe kila mara historia ya pikipiki haijulikani: tone moja kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yanayeyuka ndani ya maji na kupotea. Oili ya injini au ya hidroliki inaelea. Ikielea, kazi imebadilika: sili zote, mpira wa chini ya mfuniko na paipu zinatakiwa mpya, kwa sababu mpira wa breki huvimba ukikutana na oili ya petroli. Kwa sababu hiyo hiyo usioshe kamwe pistoni wala sili za breki kwa petroli au dizeli. Tumia mafuta mapya ya breki au spiriti. Hapa tone lilipotea majini, kwa hiyo mfumo ulikuwa salama.

Mafuta mapya yalikuwa DOT 4, ambayo mfuniko wa kikopo unayaruhusu. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Tofauti hiyo inaonekana kwenye mteremko mrefu na abiria nyuma, mafuta yanapochemka ndani ya kalipa na liva kuzama ghafla. DOT 5 bila nukta moja ni silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine, iache. Nunua chupa ndogo iliyofungwa bado. Mililita 250 zinatosha paipu moja na kubaki. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu msimu wa mvua uliopita haifai hata kama imejaa.

Kazi ya kufunga ilivyofanyika

Mwenye pikipiki alifanya mengi vizuri. Alifunika tangi na taa kwa matambara mabichi, kwa kuwa mafuta ya breki yanabandua rangi, na alikuwa na ndoo ya maji pembeni ya kuoshea tone lolote. Nipeli ilikuwa na kutu. Aliigonga kichwani polepole kwa nyundo ndogo, akatumia spana ya ringi namba 8 yenye pembe sita, na akaikaza kidogo kwanza kabla ya kuifungua. Mguso huo wa kukaza unavunja kutu bila kukata nipeli. Waliojaribu kwa spana ya mdomo iliyolegea wanajua nipeli iliyoviringika inavyogharimu.

Paipu mpya aliifunga ncha zote mbili kwa mkono kwanza, akaiacha ilale yenyewe, akaiweka kwenye klipu zake, ndipo akakaza. Huo ndio mpangilio sahihi. Paipu ya nyavu za chuma haipendi kusokotwa. Ikikazwa huku imejipinda, msokoto wote unaishia kwenye kola na hapo ndipo inapokatika baadaye. Pia nyavu zile ni kama tupa, zinakula rangi ya fremu na hata waya za umeme, kwa hiyo lazima ziwe na gamba la plastiki au zikae mbali na kila kitu.

Makosa yalikuwa matatu, na mawili kati yake yalijificha nyuma ya lile la kwanza.

Kosa la kwanza ni kipimo cha paipu. Ya zamani ilikuwa na jicho la juu (pete ya chuma kwenye ncha ya paipu, inayopitishwa bolti) lililopinda kidogo, hivyo paipu ilianza kushuka mara tu ilipotoka kwenye masta. Mpya ilikuwa na jicho lililonyooka na ilizidi urefu kwa sentimita 10. Ikabidi ipande kwanza, ifanye nundu juu ya masta, ndipo ishuke kwenye shokapu. Paipu hupimwa gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa ili shokapu zinyooke kabisa, usukani ukigeuzwa kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, na kamba ikipitishwa njia ile ile ya paipu. Pembe ya jicho nayo huagizwa. Usikubali kuambiwa dukani kwamba zote ni sawa.

La pili, alirudisha washa za shaba za zamani. Kila jicho linataka washa mbili, moja kila upande, kwa hiyo paipu moja inakula washa nne. Shaba iliyokwisha kukandamizwa inakuwa ngumu na haijazi tena mikwaruzo ya chuma. Inaweza kulainishwa kwa kupashwa moto juu ya jiko hadi iwe nyekundu hafifu, kuchovywa majini na kusuguliwa na msasa laini. Za aluminiamu zisirudishwe kabisa. Ila washa mpya ni kitu kidogo mno kwa bei kulinganisha na kinachotegemea juu yake.

La tatu lilikuwa njia ya kutoa upepo, na ndilo tutakalokaa nalo.

Kwa nini nusu lita haikuutoa upepo

Ndani ya paipu yenyewe upepo hauna pa kujificha. Tundu la milimita 3.2 ni jembamba kiasi kwamba kiputo hulijaza lote kama kizibo, na mafuta yakisukumwa nacho kinakwenda. Hata kwenye ile nundu, mikamato kadhaa ya haraka ingekisukuma kikashuka. Shida ni mahali njia inapopanuka ghafla. Kwenye jicho la paipu, bolti ina shingo nyembamba na kuizunguka kuna chumba cha duara. Mafuta hutoka kwenye tundu la bolti, yanazunguka chumba hicho na kuingia kwenye paipu. Upepo ulioko juu ya chumba unabaki pale, mafuta yakipita chini yake. Mbele ya pistoni ya masta nako kuna nafasi pana inayofanya vivyo hivyo.

Sasa tazama masta ilivyokaa kwenye usukani wa pikipiki nyingi. Mshikio unashuka kidogo kuelekea nje. Mdomo wa masta, pale bolti ya jicho inapoingia, uko upande wa ndani, na kwa hiyo ndio ulioinuka. Tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kikopo liko nyuma yake, chini kidogo. Upepo unataka kupanda, na sehemu ya juu kabisa haina mlango. Nipeli, ambayo ndiyo mlango pekee, iko chini kwenye kalipa, karibu mita moja kutoka hapo. Mtu anausukuma upepo ushuke mita moja dhidi ya tabia yake, kwa mililita 1.4 kila mara, kisha anasimama kufunga nipeli na kuuacha upande tena.

Jicho lililonyooka lilizidisha tatizo hili: lilikiweka chumba juu zaidi ya lilivyokuwa lile la zamani. Ndiyo maana liva ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kilichompoteza kabisa ni viputo alivyoviona. Katikati ya kazi aliacha kupampu akaanza kuvuta mafuta kwa bomba la sindano la mililita 60 kupitia nipeli. Kwenye mpira mwangavu aliona mstari wa viputo vidogo, vinavyolingana, visivyokoma. Akaamini kalipa bado ina upepo na akaendelea hadi chupa ikaisha. Viputo vile vilikuwa hewa ya nje inayoingia kupitia uzi wa nipeli, kwa sababu nipeli ikifunguliwa uzi wake hauzibi chochote. Ukivuta, hewa inapenya. Upepo wa kweli kutoka kalipa huja kwa mafungu, kiputo kikubwa, kisha kimya, kisha vidogo viwili vitatu. Ukiona ule mstari wa shanga usiobadilika, paka grisi ya mpira kuzunguka shina la nipeli, au zungushia tepu ya mabomba ya maji kwenye uzi wa juu pekee, mbali na ncha. Au acha kuvuta, rudi kwenye kupampu. Mpira nao, wa kipenyo cha ndani cha milimita 5, upande juu kutoka kwenye nipeli sentimita 10 kabla ya kushuka kwenye chupa, ili nipeli ibaki imezama kwenye mafuta.

Kuthibitisha kabla ya kununua masta

Vipimo vitatu vilifanywa, havikuchukua hata dakika 10.

Liva ilikamatwa kwa nguvu ya wastani na kushikiliwa sekunde 30. Haikuzama. Sili ya masta inayovuja ndani kwa ndani huiacha liva ishuke taratibu mkononi bila tone lolote kuonekana nje. Kutozama pekee kuliondoa sehemu kubwa ya shaka juu ya masta.

Kisha ilipampiwa haraka mara nne. Ikapanda, ikawa karibu nzuri. Ikaachwa nusu dakika, ikakamatwa, ikarudi chini. Huo ni upepo, au pistoni za kalipa zinazorudi ndani kupita kiasi. Kalipa ilitazamwa: pedi zote mbili zilikuwa na unene sawa na gurudumu lilizunguka bila kukwama, kwa hiyo pistoni hazikuwa na neno.

Mwisho, kikopo kilifunguliwa, kikafunikwa kwa kipande cha plastiki mwangavu, na liva ikapampiwa haraka kisha ikaachiwa ghafla. Mafuta yaliruka kutoka kwenye tundu dogo kama chemchemi, yakagonga plastiki. Upepo uliokandamizwa unayarudisha mafuta kwa kasi, mfumo usio na upepo unatikisa uso wa mafuta kidogo tu. Kipimo hiki hiki kilionyesha kwamba tundu dogo liko wazi. Likiziba kwa uchafu ulioganda, breki hujikaza yenyewe ikipata moto, na hilo ni tatizo jingine lenye hatari yake.

Kama shaka ingebaki, kuna njia ya kuitenga masta: kutoa jicho na kuziba mdomo wa masta kwa bolti isiyo na tundu pamoja na washa. Liva ikiwa ngumu kama ukuta, masta ni nzima. Lakini bolti lazima iwe na uzi unaolingana. Masta za Kijapani kwa kawaida ni milimita 10 kwa uzi wa 1.25 (milimita kati ya jino moja la uzi na linalofuata), za kampuni ya Brembo ni uzi wa 1.0, na bolti ya kawaida ya dukani ya milimita 10 ni uzi wa 1.5. Ukiilazimisha hiyo ya 1.5 kwenye aluminiamu umeiharibu masta uliyotaka kuiokoa. Kipimo hicho hakikuhitajika.

Ufumbuzi

Pikipiki ilisimamishwa kwenye stendi ya pembeni na usukani ukageuzwa kushoto hadi mwisho. Mkao huu una maana yake. Pikipiki ikilalia kushoto, upande wa kulia wa usukani unainuka. Ukigeuza kushoto, mshikio wa kulia unakwenda mbele na juu zaidi. Matokeo yake ni kwamba upande wa liva unakuwa juu, mdomo wa masta chini, na upepo ulioko mdomoni unapata njia ya kupanda kwenda kwenye tundu dogo. Mfuniko wa kikopo uliegeshwa juu bila kukazwa ili mafuta yasimwagike.

Kwanza liva iliguswa kidogo tu, milimita tano hivi, na kuachiwa, mara 20. Safari fupi namna hiyo haizibi tundu dogo kwa muda mrefu, na mara ya sita vilionekana viputo vidogo vikipanda ndani ya kikopo kama vya soda. Masta na jicho viligongwa polepole kwa mpini wa bisibisi kila baada ya mikamato michache, maana viputo hung'ang'ania ukuta wa chuma.

Halafu jicho la juu lilizungushiwa kitambaa kinene. Mmoja alikamata liva na kuishikilia, mwingine akaifungua bolti ya jicho kwa spana namba 12 robo mzunguko tu. Lilitoka povu jeupe na sauti ya hewa. Bolti ikafungwa kabla liva haijaachiwa. Mpangilio huo hauna msamaha: liva ikiachiwa bolti ikiwa wazi, masta inavuta hewa na umerudi mwanzo. Mara ya pili povu lilikuwa dogo, ya tatu yalikuja mafuta yenye viputo, ya nne na ya tano mafuta matupu. Kabla ya hapo liva ilikuwa ikigusa mpira wa mshikio. Baada ya mkamato wa tano ilisimama ikiwa na nafasi ya vidole viwili. Mafuta yaliyotumika hayakufika mililita 10.

Ndipo kalipa ikafanyiwa kazi. Ilifunguliwa kutoka kwenye shokapu ili nipeli iwe juu kabisa, na kati ya pedi kikawekwa kipande cha mbao chenye unene unaokaribia wa diski, maana bila kizuizi pistoni zingetoka nje kwa mkamato mmoja. Kwa nipeli: kamata, fungua, liva ishuke, funga, achia polepole, subiri sekunde mbili tatu masta ijae. Mikamato 15 ilitosha, mililita 20 hivi. Kikopo hakikuachwa kushuka chini ya nusu.

Liva ilifungwa kwa ukanda wa tyubu dhidi ya mshikio usiku kucha, na karatasi ya tishu ikazungushwa kila jicho. Wengi huutumia ukanda huu wakiamini unayeyusha upepo. Kazi yake hasa ni kwamba chini ya shinikizo viputo vidogo husinyaa, hulegea kwenye kuta na kupanda, na asubuhi liva ikiachiwa hutoka kwa tundu dogo. Faida ya pili ni kubwa zaidi: unafichua uvujaji. Asubuhi liva ilikuwa imeshuka kidogo na tishu ya jicho la chini ilikuwa na doa. Zile washa za zamani zilikuwa zikilowa polepole mno kuonekana kwa macho. Kikopo kingepungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mafuta yangetiririka karibu na diski na pedi.

Washa zote nne zikabadilishwa, bolti zikakazwa kwa Nm 28 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Watengenezaji hutofautiana kati ya Nm 23 na 34, kwa hiyo kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachosema. Asiye na spana ya torki aelewe hivi: kwa spana ya sentimita 15, Nm 29 ni nguvu sawa na ya kuinua ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha ya spana. Nipeli inataka Nm 6 hadi 8 tu, yaani kilo 7 kwenye spana ya sentimita 10. Zaidi ya hapo unaikata. Jicho la juu likatolewa upepo upya mara tatu, kalipa mara nane. Ile paipu iliyozidi ilibadilishwa wiki iliyofuata kwa ya sentimita 85 yenye jicho lililopinda nyuzi 20, na safari hiyo, kwa kuanza juu, kazi nzima ya upepo ilitumia mililita 70, zikiwemo za kujaza mfumo uliokuwa mtupu.

Kabla ya pikipiki kutoka, liva ilipampiwa hadi pedi zikagusa diski. Hili husahaulika sana: kalipa ikifunguliwa na kurudishwa, pedi ziko mbali, na mkamato wa kwanza barabarani haushiki kitu. Kisha liva ilikamatwa kwa nguvu zote za mkono kwa dakika moja, usukani ukageuzwa pande zote mbili paipu ikitazamwa kama inavutika au inagusa gurudumu, na majaribio yakafanywa kwenye uwanja mtupu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tishu zilirudishwa kwenye majicho kwa siku mbili za kazi. Zilibaki kavu, na liva inasimama pale pale, asubuhi na jioni.